Dole gumba la mguu na siri ya Kifaranga

Kijana wangu ana miaka 11 na siku hizi ananisalimia kwa kidevu. Anapita sebuleni, ananyanyua kidevu kidogo hivi, basi, salamu imeisha, huyo chumbani na mlango unafungwa. Wenzake wakiwepo ndo usiseme. Nikimpeleka shule naambiwa niishie kule kwenye kona, nisishuke, nisipunge mkono, nisiulize kama daftari lipo, na zaidi ya yote lile jina la nyumbani nisilitamke hata nikiona nyoka nyuma yake.

Lile jina ni Kifaranga. Alilipata wiki aliyozaliwa, alikuja na vinywele vimesimama kichwa kizima na kila akisikia mlango anafungua mdomo, sasa ungemuita nani? Likakaa. Mpaka juzi kati hapa akaniita pembeni, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya mtu anayedai kodi, "Baba, lile jina liishe." Nikasema limeisha. Na mbele yake kweli liliisha, ila kimoyomoyo hata siku moja, na yeye akilala huwa nalitumia ninavyotaka, mtu aliyelala hana mamlaka.

Sasa Jumamosi moja mama yake katoka na mdogo wake, mvua imeanza mchana na haina dalili ya kukata, inapiga paa kiasi kwamba ukitaka kuongea na mtu lazima umsogelee. Mi niko kwenye kochi, mguu wa kushoto nimeukunja nimeukalia, simu mkononi, mbele yangu stuli, na chini ubavuni mwa stuli kapu la nguo zilizokauka ambazo niliachiwa maagizo nizikunje. Maagizo niliyapokea vizuri tu. Kapu ndo lilikuwa linasubiri.

Nilikuwa nasoma grupu la wazazi wa darasa lake. Mlioko kwenye haya magrupu mnajua, linapita tangazo la maana watu wote kimya kama hawapo, halafu anatokea mtu anauliza kazi ya hesabu ni ukurasa wa ngapi, moto unawaka. Mama mmoja kasema ukurasa wa 42. Baba mmoja kasema hapana, 43, mwanangu yuko hapa kaandika mwenyewe. Mama akasema basi mwanao hajui kuandika. Mwingine akaingia akauliza kwani kuna kazi ya hesabu, hapo ndo kila mtu akaja juu.

Dogo akatokea. Hakusema kitu, akakaa kule mwisho wa kochi anaangalia dirishani. Mi nikajifanya sijamuona, maana watoto wa umri huu ukiwaangalia sana wanakumbuka wana kazi chumbani. Baada ya muda nikasikia kochi limebonyea kidogo, kasogea. Tena kidogo. Mara goti limegusa goti. Nikaiweka simu kwenye stuli taratibu, bila kuifunga, ikabaki wazi pale pale kwenye grupu, na hili naomba mlikumbuke kwa sababu tutalirudia kwa machozi. Akapiga miayo, akasema "naegemea kidogo tu," kichwa kikatua kwenye paja langu la kushoto.

Jamani!

Sikupumua. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumbeba huyu mtu toka kwenye kochi mpaka kitandani, sikuipata. Najua tu kuna usiku nilimbeba, nikamlaza, nikazima taa, nikarudi zangu kuangalia mpira, na kesho yake hakuna aliyeniambia kwamba kile kibarua kimeisha. Na sasa hivi nikijaribu kumbeba mgongo utanifungulia kesi. Kwa hiyo kichwa kile kilipotua nikajiambia hapa sitoki, mvua inyeshe, kapu lisubiri, mi hapa sitoki mpaka atoke mwenyewe.

Akasinzia palepale. Hakuaga.

Nikaanza kumkagua, si unajua akiwa macho haruhusu ukaguzi. Kwanza miguu. Alipokaa kwenye kochi hili zamani nyayo zilikuwa zinaishia kwenye mto wa pili, leo zimevuka mkono wa kochi zinaning'inia nje huko. Watoto kabla ya kubalehe wanaongezeka sentimita 5 au 6 hivi kwa mwaka, halafu wavulana wakifika kwenye miaka 13, 14 wanaruka, mwaka wa kasi wanaweza kuongeza 9 mpaka 10, na miguu ndo inatangulia, mwili unafuata baadaye. Ndo maana kwenye umri huu wanajikwaa hovyo, mtu ametumiwa nyayo za kaka yake mkubwa kabla yeye mwenyewe hajafika. Viatu vyake na vyangu siku hizi vikikaa mlangoni lazima niiname nihakikishe.

Halafu mdomo. Alikuwa kaufungua kidogo, ndani huko nyuma nikaona pengo, gego la utotoni limetoka na jipya limeanza kuchungulia, lina vile vimeno vidogo juu yake bado vikali havijasagika. Yale meno ya utotoni yanakuwa 20, na ya mwisho kwa kawaida yanang'oka kwenye miaka 10 mpaka 12. Kumbe hata hili lilitoka bila mimi kupewa taarifa! Zamani jino likitikisika nyumba nzima hailali, kila dakika tunaitwa tulitikise. Hili kalimaliza mwenyewe huko kimya kimya, pengine kalitupa dirishani akaendelea na gemu.

Nikavuta harufu ya nywele. Shampuu ya mama yake, mvua, na jasho la mtu aliyecheza mpira halafu akadanganya kwamba ameoga.

Hapo nilikuwa kwenye raha ambayo siwezi kuielezea. Tatizo la raha hii ni kwamba ina uzito. Ubongo wa mtoto akifika miaka 6 unakuwa umeshafika kama asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, yaani mwili bado unajengwa ila kichwa kimeshaezekwa. Sasa kichwa hicho kiko kwenye paja la mguu ambao nimeukunja nimeukalia mwenyewe. Mwanzo nikasikia joto. Halafu nikasikia wale wadudu. Halafu wadudu nao wakaondoka, na hapo ndo mtu mwenye akili anatakiwa kuogopa.

Watu wanasema ganzi ni damu kukosa kupita. Damu inachangia, ila kinachobanwa hasa ni mshipa wa fahamu, ule ujumbe wa kutoka mguuni kwenda kichwani unakatika njiani. Kuna mshipa mmoja unapita nje ya goti, chini kidogo, umelala juu ya mfupa karibu kabisa na ngozi, huo ukikunja mguu ukaukalia unabanwa vizuri sana, na ndo ule ule unaonyanyua unyayo juu ukiwa unatembea. Mi nilikuwa najua haya yote. Nilikuwa najua kabisa kwamba kila dakika inayopita najikata mguu kwa hiari. Nikautazama ule mguu, nikamtazama dogo, nikaona mguu ninao mwingine.

Mkojo nao ukaja. Kibofu cha mtu mzima kinaanza kukukumbusha kikiwa hata nusu hakijafika, kwa hiyo nikajua bado nina nafasi ya kujadiliana. Nikakiambia subiri. Nikajaribu kutosikiliza mvua.

Kwa nini sikumuamsha? Kwanza sitaki. Pili, mtoto wa umri huu anatakiwa alale masaa 9 mpaka 12 kwa siku na huyu wangu juzi nimemkuta saa tano usiku chini ya shuka na tochi. Tatu, homoni ya kukua inamwagwa kwa wingi mtu akiwa kwenye usingizi mzito. Nikimuamsha nimemkata sentimita. Kesho akiwa mfupi ataniuliza.

Ndo simu ikaanza kutetemeka.

Ile hoja ya ukurasa ilikuwa imefufuka. Kila meseji ikiingia simu inanguruma kwenye stuli, na stuli ni ya mbao tupu, mlio wake sasa. Na kila ikinguruma inasogea. Dogo akakunja uso. Nikanyoosha mkono, haufiki, umebaki kiganja kimoja hivi. Nikisogea, paja linasogea, kichwa kinasogea, mchezo umeisha. Nikabaki na kiungo kimoja tu kilicho huru na chenye akili zake, mguu wa kulia.

Mpango ulikuwa mzuri na mpaka leo nautetea. Kile kitufe cha sauti kiko ubavuni mwa simu, na ubavu ule ulikuwa umenielekea mimi. Nikanyoosha mguu taratibu, nikakunja vidole vinne nikamuacha yule dole gumba peke yake, nikabonyeza. Kikakubali! Nikashikilia, kile kimstari cha sauti nikakiona kinashuka mpaka chini kabisa. Nilijisikia daktari wa upasuaji. Sasa kutetemeka bado, na simu imefika ukingoni inakaribia kudondoka, nikasema basi niisukume irudi katikati, kidogo tu, kwa dole lile lile.

Kioo cha simu za siku hizi hakihitaji nguvu, kinahitaji kitu kinachopitisha umeme kidogo, na ngozi ya binadamu inapitisha. Kioo hakijui kama ngozi hiyo ni ya mkononi au ya mguuni. Ningekuwa nimevaa soksi tusingekuwa tunaongea hapa. Dole langu likatua pale juu kwenye ile alama ya kamera, ya kupiga simu ya video, ya grupu zima, na mimi nilichokiona ni kwamba simu imeteleza, ikaanguka kutoka kwenye stuli ikaingia kwenye kapu la nguo. Puu. Bila kelele. Na kutetemeka sikukusikia tena.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti kabisa.

Kumbe kule kwenye kapu simu imetua imesimama. Kichwa juu, chini imezama kwenye rundo la soksi ambazo hazijapata wenzake, kioo kimenielekea mimi na mwanangu, kamera inatuona sisi wote wawili kuanzia kifuani, mwanga wa dirisha ukitupiga kwa ubavu. Mpiga picha wa harusi angekaa pale pale. Spika iko chini, imezama, na mvua juu ya paa, kwa hiyo sauti ya wao kuja kwangu hakuna. Ila simu hizi zina maikrofoni zaidi ya moja, na ile ya juu ilikuwa nje inapumua vizuri tu.

Na mimi hapo ndo nikaona sasa kumetulia, acha nimuimbie.

Wimbo huo niliutunga mwenyewe zile wiki za mwanzo alipokuwa halali, ni wimbo wa saa nane usiku, msinitegemee vina:

"Kifaranga wa baba, mwewe kapita juu,
jifiche bawani, baba yupo, baba yu macho,
mwewe akirudi, baba atampiga kiatu."

Nimeuimba kwa hisia. Pale kwenye kiatu huwa napandisha sauti halafu naishusha. Ubeti wa pili sikuukumbuka nikauguna wote. Nikarudia wa kwanza. Nikambusu paji la uso, nikamwambia wewe hata ukiwa jaji wa mahakama kuu wewe ni Kifaranga tu, ukija na wanasheria wako wote mi nitakuita Kifaranga. Nikamwambia vile vidole vya miguu amechukua kwa mama yake, bahati nzuri. Halafu kwa sababu mtu ukishaanza kuongea na aliyelala huna breki, nikamwambia, "Lala mwanangu. Ukue vizuri, usije ukawa kama yule mama wa ukurasa wa 42, anabishana utadhani kitabu kaandika yeye."

Kumbe alikuwa wa tatu kupokea.

Nilichokuja kuambiwa baadaye ni kwamba watu waliita sana. "Baba nanii! Kamera! Kamera iko wazi!" Wengine walizima kwa heshima. Wengine wakawaita waume zao. Watoto nao, ambao ndo wanafunzi wenzake, wakasikia kelele wakaja kuchungulia juu ya mabega. Mke wangu huko alikokuwa naye simu iliita, akapokea, akaangalia, anasema alitaka kunipigia ila ingekatisha na yeye alikuwa anataka kusikia kama nitakumbuka ubeti wa pili. Huyo ndo mwenzangu wa maisha.

Dogo akafungua jicho moja. La upande wa kapu. Akakaa hivyo muda, anaangalia, usingizi bado haujamtoka. Halafu akasema polepole sana:

"Baba. Kwa nini mwalimu yuko kwenye soksi?"

Nikageuka. Kapu zima lina vichwa. Kila mtu kwenye kidirisha chake, mwingine na kofia ya kuogea, mwingine kazungukwa na watoto wanne, baba wa 43 kainamisha uso mabega yanatikisika, na pale katikati kabisa mwalimu wa darasa, kafunika mdomo kwa mkono.

Nikaruka.

Yaani nia iliruka. Mguu wa kulia ukatii. Wa kushoto haukuwa na habari, ule mshipa nilioueleza ulikuwa bado haujapokea ujumbe tangu dogo asinzie, kwa hiyo nilisimama kwa sekunde kama moja hivi, unyayo ukakunjika chini yangu, nikaiona sebule inalala ubavu, nikashika stuli, stuli ikaja na mimi, tukaenda wote. Kapu nililipita. Nikatua nyuma yake, kwa maana hiyo kwenye kamera nilitoweka tu kama nimefutwa, na kilichobaki kwenye picha ni kochi, na kijana wangu amekaa wima na alama ya mshono wa suruali yangu shavuni, anaangaliana na darasa zima.

Mimi chini pale ganzi ikaamua ndo muda wake wa kuachia. Wanaojua wanajua. Mishipa ikirudishiwa kazi inatuma ujumbe wote uliokwama, kwa mpigo, bila mpangilio, sindano, moto, barafu, kucheka, kulia. Nikawa napiga kelele ambazo siwezi kuziandika, nusu kicheko nusu msiba, na kibofu nacho kikasema makubaliano yetu yamevunjika. Mkojo niliuwahi, ila kwa magoti, na nilipita mbele ya kamera nikiwa kwenye magoti hayo, nikapunga mkono kidogo. Ustaarabu ni ustaarabu.

Simu alikata yeye. Aliiokota kwenye soksi, akaangalia kioo, akasema "samahani mwalimu," akakata, akaiweka kwenye stuli kwa heshima zote. Halafu akaingia chumbani akafunga mlango na nikasikia kitanda kinasukumwa kuja mlangoni.

Nilienda kuongea na mlango. Mlango haukujibu. Mama yake akarudi, akanikuta nimekaa kwenye korido, akanipita, akagonga, akafunguliwa. Mi sikuitwa.

Usiku nikafungua grupu nikiwa nimekaza meno. Mwalimu alikuwa ameshaandika, "Wazazi tunakumbushana, grupu hili ni la masuala ya shule." Chini yake vikaragosi vya kucheka vimepangana mpaka mwisho wa dunia. Yule mama naye hakuchelewa: "Ni 42. Nimeangalia tena. Na sauti unayo, Baba Kifaranga." Hilo ndo jina langu sasa, hata wale ambao hawakuona video wananiita hivyo, wanadhani ni la ukoo.

Nikaandika pole nyingi na kuomba tafadhali watoto wasilibebe hili jina kulipeleka darasani. Kimya kikapita. Halafu baba mmoja, nadhani alinionea huruma tu ya kiume, akaandika: "Usijali ndugu yangu, mi kapteni wangu nyumbani ni Kamdudu."

Kapteni mwenyewe ni kapteni wa timu ya darasa. Kijana ana mabega, dogo wangu anamuogopa.

Mama mwingine akaingia, wa kwake ni Shangazi Mdogo. Mwingine, Tumbili wa Mama. Mwingine Mzee Kijacho. Mmoja akaandika "Bonge la Moyo" halafu akafuta, ila hakuwa na mbio. Yule mama wa 42 akasema yeye wa kwake hana jina lolote, dakika mbili mume wake akaandika chini yake "Kimbaumbau", nadhani na huko walilala mzungu wa nne. Tukashinda Jumapili nzima kwenye kazi hiyo, grupu halijawahi kuwa na umoja kama ule, hata hoja ya ukurasa ilisahaulika. Hakuna aliyejiuliza jambo moja dogo, kwamba hawa watoto simu zetu wanazifungua kuliko sisi wenyewe.

Jumapili jioni mlango wa chumbani ukafunguliwa. Katoka, kanyanyua kidevu, kapita, kachukua simu yangu kwenye stuli bila kuomba, karudi nayo. Nikasikia kalamu inaandika.

Jumatatu aliingia kwenye gari mwenyewe, mtu ambaye usiku wa Jumamosi alimwambia mama yake anahama shule. Tulipofika kwenye kona yetu nikasimama kama kawaida, akaniambia, "Leo nipeleke mpaka getini." Nikamwangalia. Akapiga piga mfuko wa shati, ndani kuna karatasi imekunjwa. Akashuka anatembea kifua mbele, na getini pale nikamuona kapteni mwenye mabega yake anaangalia chini anachimba ardhi kwa kiatu.

Mchana akarudi na ripoti. Kwamba mwanzo walianza kumuita Kifaranga, akasimama juu ya kiti akasoma karatasi yote kwa sauti, jina kwa jina, hakuruka mtu. Kwamba Shangazi Mdogo alilia kidogo halafu akacheka. Kwamba Kamdudu amekubali Kamdudu ila mwisho uwe mapumziko. Kwamba kazi ya hesabu ilikuwa ukurasa wa 44 na darasa zima limekosa.

"Halafu mwalimu akaingia," akasema, "akatukuta tunapigana majina, akasema kimya. Kamdudu akanyoosha mkono akamuuliza, mwalimu na wewe nyumbani unaitwaje?"

Nikakaa sawa. "Akasema nini?"

"Alikataa kwanza. Tukamwambia sisi wote yetu yanajulikana, si haki. Akaenda akafunga mlango. Akatuapisha. Akatuambia."

"Enhe?"

Akanyanyua kidevu.

Nimejaribu kila njia. Nimeahidi gemu mpya, nimetishia kuchukua la zamani, nimeomba kwa upole, nimevizia akiwa na usingizi jioni kwenye kochi nikamuuliza ghafla. Wapi. Wanafunzi wote wa lile darasa wanalijua hilo jina na hakuna hata mmoja aliyetapika, wazazi tumeulizana grupuni mpaka tumechoka, na watoto ndo hao hao waliokuwa wanasema kila kitu, mtoto anakuja nyumbani anakueleza mpaka mwenzie alichota chaki ngapi.

Mama yake anajua. Hilo ndo linaniua. Alimwambia siku ile ile, nilikuwa nimesimama nje ya mlango nikasikia mwanamke mzima anaanguka kicheko kwenye mto. Nikafungua nikasema na mimi ni mzazi wake, jina langu liko kwenye fomu. Dogo akaniangalia kwa huruma kabisa, akaniwekea mkono begani, sasa hivi bega langu analifikia bila kujinyoosha.

"Wewe hapana, baba," akasema. "Dole lako halitunzi siri."

Na tangu siku hiyo kila mwalimu akituma tangazo kwenye grupu, liwe la ada, liwe la mtihani, mke wangu anaweka simu chini anaenda kucheka jikoni.